Binti Ambaye Sensa Haikumwona

Haya sikuyasikia kwa mtu. Yalinipata mimi, nikiwa na akili zangu timamu na bisibisi mkononi. Najua watu hudhani mambo ya namna hii lazima yatokee usiku, njia panda, fisi wakilia. Langu lilitokea Jumamosi saa nne asubuhi, jua likiwaka, mjini Migori, kwenye uwanja uliojaa kuku. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Nikishaanza, nakuomba unisikilize.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na televisheni Homa Bay, kwenye barabara inayoteremka kwenda gatini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sijaoa. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi Kisumu kwa mzee mmoja wa Kihindi, naye alinifundisha kufunga kamera za ulinzi. Kwetu wakati huo, wenye kamera madukani ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki. Kwa hiyo sifa yangu ilipita Rangwe, ikapita Rongo, ikafika Migori kabla yangu.

Ndipo akaja kunitafuta mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Aliitwa Mwalimu Dorsila. Alikuwa amestaafu ualimu na kufungua duka la mbegu na dawa za mifugo. Alikuwa Msabato wa kweli, wa kufunga duka Ijumaa jua likizama na kulifungua Jumapili asubuhi.

"Wuoda," akaniambia, yaani mwanangu, "mwizi wangu anajua Biblia kuliko mimi. Anakuja siku ya Sabato tu, nikiwa kanisani."

Shida yake ilikuwa hii. Kanda ya video ni ya saa chache, naye kanisani hukaa kutwa. Ukiiacha mashine ikirekodi tangu asubuhi, kanda itakuwa imekwisha mwizi hajanawa uso. Nikamwambia hilo lina dawa. Kuna kidude cheupe, kidogo kama sanduku la kiberiti, ambacho sisi mafundi tulikiita sensa. Unakifunga ukutani, nacho kinahisi joto la mwili linalopita mbele yake. Kikihisi, taa yake nyekundu inawaka na mashine ya video inaamshwa irekodi. Asipopita mtu, mashine inalala. Mwalimu alifurahi sana. Alisema angependa kuwa na wanafunzi wa namna hiyo.

Nilifika Migori Ijumaa. Kutwa nzima nilipitisha waya, nikafunga kamera juu ya mlango wa ghala ikitazama uwanja, nikaweka mashine na televisheni ndogo katika chumba cha nyuma. Sensa ilikuwa bado, maana hiyo ndiyo kazi ya subira: lazima uielekeze vizuri, utembee mbele yake, uigeuze kidogo, utembee tena. Jua lilipogusa mabati Mwalimu akatoka.

"Fundi, vyombo chini. Kesho hapafanyiki kazi katika uwanja wangu. Utamaliza Jumapili."

"Sawa, Mwalimu."

Alinipa nilale kile kile chumba cha nyuma, chenye kitanda kimoja na shuka lililotandikwa vizuri mno, kama la mtu anayetarajiwa wakati wowote. Asubuhi akaniachia uji na mandazi, akachukua Biblia yake na kapu la chakula, akaniambia nifunge geti kwa ndani. Nikalifunga. Kumbuka hilo, nililifunga mwenyewe kwa komeo na kufuli.

Sasa nikuambie ukweli wangu. Jumapili nilikuwa nimemwahidi mteja mwingine Homa Bay. Nikajiambia, kanisa liko pale ng'ambo, nyimbo zao nazisikia. Wakinyamaza kabisa nitajua wanatoka, nitateremsha ngazi. Nani ataona? Nikapanda.

Nilikuwa nimeshika misumari mdomoni nikasikia sauti chini yangu.

"Fundi, leo ni Sabato."

Kidogo nianguke na ngazi yangu. Nikatazama chini. Msichana amesimama, mikono kiunoni, gauni la kijani lenye kola nyeupe, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesoma kitu kilichopinda. Umri wake ungekuwa ishirini na mbili au tatu.

"Usimwambie Mwalimu," nikasema. "Wewe ni nani wake?"

"Mtoto wa nyumba."

Nikadhani ni mpwa, au binti wa ndugu aliyebaki nyumbani. Uliona wapi mtu mwenye akili anaanza kuuliza maswali ya geti wakati msichana mzuri amemshikia ngazi? Maana aliishika, yawa! Ngazi ile ilikuwa ikiyumba tangu Ijumaa, na alipoishika ikatulia kama imepandwa ardhini.

Nilipomaliza kukaza sensa nikamwomba anisaidie. "Tembea kutoka kwenye yale mapipa hadi mlangoni. Taa nyekundu ikiwaka, uniambie."

Akatembea. Taa haikuwaka.

Nikaishusha sensa kidogo. Akatembea tena. Kimya. Nikateremka, nikapita mimi: ikawaka hapo hapo. Akapita yeye: giza. Nikasema labda ni jua, maana jua likiwa kali sana sensa huchanganyikiwa, haitofautishi mtu na ukuta. Nilikuwa na sensa nyingine mpya ndani ya boksi. Nikaitoa ile, nikafunga hii. Nikasubiri ijiweke sawa. Akapita mara tatu, mara ya tatu akirukaruka na kupunga mikono. Hakuna kitu. Halafu kuku akavuka uwanja na vifaranga wake, taa ikawaka kama imeona askari.

"Kumbe inaona kuku," akasema, "halafu mimi inaniruka?"

Akacheka. Nami nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa namlaani aliyeniuzia zile sensa.

Tulifanya hivyo hadi karibu saa saba. Nikuambie nini kuhusu saa zile tatu? Aliniuliza kama Homa Bay bado wanaanika omena kando ya gati, kama mlima ule bado unavaa kofia ya wingu kabla ya mvua. Alikuwa amesoma shule huko miaka miwili. Alikuwa na maneno machache na kila neno alilipa nafasi yake. Nilipokuwa nikizungumza alinitazama mdomo, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzungumzishwa. Nilikuwa nimeshajua wasichana, si kwamba sikujua. Lakini sikuwahi kupata mtu ambaye nikikaa naye nasikia kama nimefika mahali nilipokuwa nikienda bila kujua ninaenda.

Mwishowe nikasema, tuiache sensa, twende nikuonyeshe kamera inavyoona. Niliwasha mashine kwa mkono irekodi, nikamwambia asimame uwanjani, nikaigeuza ile televisheni ndogo mlangoni ili aione. Na pale, wallahi, alionekana. Sensa haikumwona lakini kamera ilimwona, msichana mzima, kola nyeupe na yote. Akasogea taratibu, akajitazama. Akainua mkono, akaona mkono unainuka.

"Kumbe bado niko hivi," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo sana. Mimi kwa ujinga wangu nikadhani anajisifu. Nikamwambia, "Njoo Homa Bay siku moja. Nitakununulia samaki, ngege wa kukaanga, tukae pale gatini utazame maji."

Akanigeukia. "Ningependa sana. Lakini mimi sitoki hapa, fundi. Homa ilinishikia katika hicho chumba unacholala. Sikupona."

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Hata mimi nimejiuliza. Nafikiri hofu ilikuja, lakini ilikuta kitu kingine kimekaa kwenye kiti chake. Nilichosikia kilikuwa huzuni, ile ya mtu aliyefika gatini akaona chombo kimeshang'oa nanga.

"Siku hiyo ilikuwa Sabato," akasema. "Mama alikuwa ndiye anayeongoza kwaya. Alitaka kubaki. Mimi ndiye niliyemwambia aende, nikasema ni malaria tu, nimeshameza dawa. Hadi leo anajilaumu. Nasimama karibu naye naona anavyojilaumu, na hanisikii. Wewe unanisikia. Mwambie mimi ndiye niliyemtuma. Na mwambie nilisikia nyimbo zote. Dirisha lilikuwa wazi."

"Nitamwambia," nikasema. Niliapa kwa jina la mama yangu.

Ng'ambo kule wakaanza wimbo mwingine. Akageuka upande ule kusikiliza, shingo yake ikajipinda kidogo, na nikamwona uso kwa upande. Kisha akatembea akazunguka kona ya ghala. Nilimfuata mbio. Nyuma ya ghala kulikuwa na ukuta, pipa la maji, na kuku yule yule na vifaranga wake. Geti lilikuwa na kufuli yake.

Jioni, Sabato ilipokwisha, Mwalimu alinikaribisha mezani. Tulikula ugali na mboga za osuga. Nilimuuliza kwa kuzunguka kama ana watoto. Akavua miwani.

"Nilikuwa naye mmoja, Mikal. Huu mwaka wa tatu. Nilimwacha na homa, nikaenda kuimba." Akapangusa miwani kwa pindo la kitambaa cha meza, muda mrefu, ingawa haikuwa chafu. "Mama gani anamwacha mtoto na homa akaenda kuimba?"

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Yalikuwa pale pale, nyuma ya meno. Na sikuyasema.

Kwa nini? Nilijiambia ni kwa sababu atajua nilifanya kazi siku ya Sabato. Nilijiambia ataniona mwendawazimu. Hizo zilikuwa sababu za kumpa mtu mwingine. Sababu yenyewe ilikuwa kanda. Mikal alikuwa ndani ya kanda ile, na kama ningesema, Mwalimu angeitaka, na ingekuwa haki yake. Nami nilikuwa nimeshaitoa mashineni kimya kimya, nikaifunga ndani ya shati langu la akiba, nikaweka nyingine.

Usiku huo huo niliirudisha ukutani sensa ya kwanza, ile niliyoilaani, nikaiwasha. Haikuwa na ubovu wowote. Mwezi haukuisha kabla haijamnasa mwizi: jirani wa ukuta wa pili, aliyekuwa akimsalimu Mwalimu kila asubuhi kwa heshima zote. Mwalimu akanitumia salamu Homa Bay, akanitumia na kuku. Sikuweza kumla yule kuku. Nilimpa dada yangu.

Kuanzia hapo kila jioni nilifunga kibanda mapema, nikaweka kanda. Haikuwa na sauti, maana kamera zile hazikuchukua sauti. Dakika kumi na nne tu. Mikal anasimama, anainua mkono, anageuka kunijibu, anazungumza maneno niliyoyajua kwa moyo. Halafu anageuka upande wa kanisa. Hapo ndipo nilipoisimamisha picha, kila siku, uso wake ukiwa kwa upande. Nilikula mbele yake. Nilimsimulia wateja wa siku ile. Wakati mwingine nilisinzia kitini na kuamka asubuhi nikikuta televisheni inanguruma.

Dada yangu alinitafutia mchumba Rangwe, binti wa watu, mwenye adabu na kicheko kizuri. Nilikaa sebuleni kwao nikimsikiliza, na muda wote nilikuwa nasubiri ageuze shingo namna ile. Hakugeuza. Angegeuza kwa nini? Yule alikuwa mtu mwingine. Nilirudi kwetu, sikuenda tena, na nilimuumiza bure.

Fundi yeyote wa zamani atakuambia jambo hili, nami nililijua kuliko wote: kanda ya video ukiisimamisha mahali pamoja, kichwa cha mashine kinaendelea kuusugua utepe pale pale. Mara moja si neno. Kila jioni, miezi na miezi, unakula picha yako mwenyewe. Kwanza zilikuja chembe nyeupe kwenye nywele zake. Kisha mstari ukapita shavuni. Nilijua ninachofanya, na bado nilibonyeza. Mwaka wa pili ulipokuwa ukielekea mwisho, uso wake ulikuwa mvua tupu. Nikasema nitasimamisha mahali pengine, nikala na hapo. Jioni moja nikaweka kanda, nikaona mapipa, kuku, mlango wa ghala, na katikati wingu jeupe linalotembea.

Nilikaa nikilitazama wingu lile mpaka kanda ikafika mwisho. Kesho yake nilikwenda Migori.

Mwalimu alikuwa amekonda. Alinikaribisha kwa furaha, akaanza kunisifia kwa jirani mpya. Nikamwomba tukae. Nikamwambia yote, tangu misumari mdomoni hadi pipa la maji. Nikamwambia maneno niliyotumwa. Aliposikia lile la dirisha lilikuwa wazi, mikono yake iliyokuwa ikichambua mbegu za mahindi ikasimama.

"Alisema hivyo?"

"Alisema alisikia nyimbo zote."

"Lini?"

Nikainama kuokota mbegu iliyoanguka sakafuni.

"Fundi, nakuuliza. Lini?"

"Ile Jumamosi niliyofunga kamera, Mwalimu."

Akanitazama. Nimewahi kutukanwa, nimewahi kupigwa na askari, na sijaona kitu kizito kama macho yale. "Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nimepiga magoti kando ya kitanda kile nikimwomba mtoto wangu msamaha. Na wewe ulikuwa na jibu, Homa Bay, unalitazama kwenye televisheni."

Nikampa kanda. Nikamwambia imekwisha, na iliishaje. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipakata mapajani.

"Umeniulia mtoto mara ya pili," akasema.

Akainuka akaingia jikoni. Nilifikiri niondoke, nikabaki nimekaa. Alipotoka alikuwa ameshika birika na vikombe viwili, macho yamevimba. Akamimina chai, akanisogezea kikombe, akakaa.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Gauni la kijani. Kola nyeupe."

Akaziba mdomo. Akacheka na kulia kwa wakati mmoja, sijui kama umewahi kuona mtu akifanya hivyo. "Gauni la binamu yake! Aliliazima akakataa kulirudisha. Tuligombana juu ya gauni lile wiki nzima." Akajipangusa. "Haya. Anza tena. Polepole. Ulikuwa umepanda ngazi."

Nikaanza tena.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nilisafiri kwenda Migori, tukakaa pale nyuma ya duka, nikamsimulia. Hakunisamehe kwa maneno hata siku moja, na sikumwomba. Aliniuliza tu. Alicheka vipi? Aliposhika ngazi alitumia mkono gani? Nikisahau kitu alinikumbusha, maana alikijua sasa kuliko mimi. Hakupiga magoti tena kando ya kitanda kile. Kwaya alirudi kuiongoza, na dirisha la chumba aliliacha wazi kila Sabato. Nami kila nilipoingia uwanjani nilitazama kona ya ghala. Mikal hakuja. Neno lake lilikuwa limefika, angekuja kufanya nini? Kwangu hakuwa na ujumbe.

Tulimzika Mwalimu nyumbani kwao Uriri, ubavuni mwa binti yake. Duka likauzwa, kamera ikang'olewa. Sijaoa hadi leo.

Basi wewe unayenisikiliza, nakuonya. Ukipewa neno la mtu umfikishie mwenzake, awe hai au awe ametangulia, usilale nalo hata usiku mmoja. Litaota mizizi kwako na utadhani ni lako. Na ukimpenda mtu usiyeweza kumpata, mwache apite. Usimsimamishe mahali pamoja ukamtazama mpaka aishe.

Mimi, Jumapili ya mwisho wa mwezi ikifika, bado naamka mapema, napiga viatu rangi, navaa shati safi. Nakuwa nimefika mlangoni ndipo nakumbuka kwamba hakuna tena mtu duniani wa kuniuliza alikuwa amevaa nini.